Mwongozo kwa Askari Anayetaka Kuwa Mpelelezi wa Makosa ya Mtandao

Ni nadra siku hizi kukuta kituo cha polisi nchini Tanzania ambacho hakijampokea mlalamikaji aliyetuma pesa baada ya kupata ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", au mwanamke anayetishiwa na mtu mwenye picha zake za faragha, au mfanyabiashara ambaye barua pepe yake imeingiliwa na ankara zake zikabadilishwa namba ya akaunti. Makosa ya aina hii huacha alama ndani ya simu, kompyuta na mitambo ya kampuni, na alama hizo zinahitaji mtu anayejua kuzichukua bila kuziharibu. Mwongozo huu ni kwa kijana anayetaka kuingia Jeshi la Polisi akiwa na lengo hilo, na kwa askari aliyeko kazini anayetaka kuhamia upande huo wa upelelezi. Nimeuelekeza Tanzania, ingawa mbinu zenyewe ni zilezile hata kwa mpelelezi wa Nairobi au Kigali. Kinachobadilika ni sheria na majina ya ofisi.

Msimamo unaoongoza hatua zote zinazofuata ni mmoja. Anayeweza kueleza kila alichokigusa, lini alikigusa, kwa zana gani na kwa mamlaka ya nani, atakuwa mpelelezi bora kuliko fundi hodari wa programu asiyeandika kitu, kwa sababu kazi hii hupimwa kizimbani, mbele ya wakili aliyelipwa ili atafute pengo.

Hatua ya kwanza: pitia mlango wa kawaida

Hakuna njia ya mkato inayompeleka mtu moja kwa moja kwenye maabara. Askari huanza na mafunzo ya awali katika Shule ya Polisi Tanzania iliyoko Moshi, kisha hupangiwa kituo, hufanya doria na lindo, hukaa kaunta akipokea malalamiko, na baadaye wenye mwelekeo huhamishiwa upelelezi chini ya mkuu wa upelelezi wa wilaya au wa mkoa. Kipindi hicho usikione kuwa hasara. Kaunta ndipo unapojifunza kuandika maelezo ya shahidi yanayosimama, kumsikiliza mtu aliyetapeliwa akiba yake yote bila kumdharau, na kutambua neno alilolisahau ambalo ndilo ufunguo wa kesi. Mtu aliyetapeliwa huona aibu, na akihisi kwamba askari anamcheka hataonyesha ujumbe wote.

Shahada husaidia, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kijinai wa kidijiti. Hata hivyo mwenye cheti cha kidato cha nne na bidii ya kusoma jioni hajafungiwa mlango, kwa kuwa sehemu kubwa ya maarifa haya hupatikana kwa mazoezi.

Hatua ya pili: soma sheria kabla ya kugusa kifaa

Anza na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Isome kama unavyosoma ramani ya wilaya yako: ujue kosa la kuingia katika mfumo bila ruhusa linatofautianaje na la kuingilia data, udanganyifu wa kutumia kompyuta unathibitishwa kwa vipengele vipi, na ni nani mwenye uwezo wa kutoa amri ya upekuzi, ya kuhifadhi data au ya kuitaka kampuni itoe taarifa. Ukiandika shtaka la udanganyifu huku ushahidi wako unaonyesha kuingia bila ruhusa tu, kazi nzuri ya maabara haitakuokoa.

Kisha soma Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo, kwa kuwa humo ndimo yalimo maswali ambayo hakimu atajiuliza kuhusu ushahidi wako. Je, namna data ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa au kutumwa inaaminika? Je, ukamilifu wake ulilindwa kwa namna ya kuaminika? Je, aliyeianzisha alitambuliwaje? Nashauri maswali hayo matatu uyabandike juu ya meza yako, kwa sababu ripoti inayoyajibu yote ni vigumu kuipangua. Mpelelezi wa Kenya atasoma sheria yao ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao, pamoja na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachohusu cheti cha kuambatanishwa na rekodi za kielektroniki.

Usiruke Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, wala Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Simu ya mtu mmoja hubeba siri za watu wengi ambao hawahusiki na kesi: ndugu, wagonjwa, wapenzi, watoto. Kupekua simu barabarani kwa kuwa tu mtu amesimamishwa ni kuvunja haki, na pia ni kuharibu kesi ambayo ingeweza kushinda.

Mwisho, soma hukumu ya Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, ambayo wanasheria huiita kesi ya Paulo Maduka. Haihusu kompyuta hata kidogo, lakini ndiyo inayotajwa mara kwa mara kuhusu mnyororo wa utunzaji wa vielelezo: kumbukumbu za maandishi, kwa mpangilio wa matukio, zinazoonyesha kielelezo kilikamatwaje, kilitunzwa na nani, kilihamishiwa wapi, kilichunguzwaje na hatima yake. Kanuni za Kudumu za Jeshi la Polisi, hasa Na. 229, zinakueleza namna ya kuweka lebo na kusajili vielelezo, na hazibagui kati ya panga na flashi.

Hatua ya tatu: fanya mazoezi kwa flashi ya bei ndogo

Huhitaji maabara ili uanze. Chukua flashi kuukuu, ifomati kwa mfumo wa FAT32, weka picha kadhaa, kisha futa moja. Fungua flashi hiyo kwa programu ya Autopsy, ambayo ni ya bure na imejengwa juu ya zana za The Sleuth Kit, ukaangalie kwenye orodha ya mafaili namna baiti zenyewe zilivyo. Utaona kwamba kompyuta haikuifuta picha. Ilichofanya ni kubadilisha herufi ya kwanza ya jina lake katika orodha kuwa baiti ya E5, alama inayosema nafasi hii inaweza kutumika tena. Picha yenyewe ingali palepale, ikianza na baiti za FF D8 FF ambazo ni kitambulisho cha picha za JPEG, mpaka faili lingine lije kuandikwa juu yake. Badilisha kiishio cha jina la picha nyingine kutoka jpg kuwa txt, uone kwamba baiti za mwanzo zinakataa kudanganywa.

Zoezi hili la nusu saa hufundisha mambo mawili ambayo mpelelezi hatakiwi kuyasahau: kilichofutwa mara nyingi kipo, na kila dakika kifaa kinapoendelea kutumika, hicho kilichofutwa kinaweza kupotea kabisa. Rudia zoezi hilohilo kwenye diski za kisasa za SSD na utakuta hali tofauti, kwa kuwa nyingi husafisha zenyewe nafasi zilizoachwa. Ukishazoea, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hutoa bure nakala za diski za mazoezi kupitia mradi wake wa CFReDS, zikiwa na maswali ya kujipima. Vyeti vya kimataifa kama CFCE cha IACIS, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa kompyuta, vina heshima yake, lakini ada zake ni kubwa; visubiri mpaka upate ufadhili wa ofisi.

Hatua ya nne: ukamataji wa vifaa

Hapa ndipo kesi nyingi huharibika, na huharibika katika dakika za mwanzo. Hakikisha amri ya upekuzi ipo mkononi na kwamba yupo shahidi huru, kwa kawaida mwenyekiti wa mtaa au mjumbe. Piga picha chumba kabla ya kugusa chochote: kioo cha kompyuta kama kilivyo, nyaya zilivyochomekwa, karatasi zenye namba zilizobandikwa ukutani. Watenge watu waliomo na vifaa vyao, kwani mtuhumiwa anaweza kufuta simu iliyoko mezani kwa kutumia nyingine iliyoko mfukoni.

Zamani askari walifundishwa kuchomoa waya wa umeme wa kompyuta papo hapo. Ushauri huo haufai tena kama kanuni ya jumla, kwa sababu diski nyingi za sasa zimesimbwa, na kompyuta ikizimika bila nywila unaweza kubaki na sanduku lisilofunguka. Ikiwa inawaka na imefunguliwa, mwite mtaalamu achukue kwanza yaliyomo kwenye kumbukumbu ya muda, maana hiyo ndiyo hupotea mara umeme unapokatika. Ikiwa imezimwa, iache imezimwa.

Simu inataka uangalifu zaidi. Ukiikuta inawaka na haijafungwa, usiizime, kwa kuwa ikizimwa na kuwashwa upya huzifunga data zake kwa nguvu zaidi mpaka nywila iingizwe tena. Iweke katika hali ya ndege, iunganishe na betri ya kubebeka, kisha iingize katika mfuko unaozuia mawimbi. Betri ni lazima, kwani simu iliyozibiwa mtandao huendelea kuutafuta na kumaliza chaji haraka. Usimrudishie mtuhumiwa simu ili abonyeze nywila yake. Baada ya kumweleza haki zake, akikubali kuitaja kwa hiari, iandike na uibonyeze wewe mwenyewe mbele ya shahidi. Soma namba ya IMEI yenye tarakimu 15 kwa kubonyeza *#06# ikiwa simu iko wazi, na uiandike kwenye hati ya ukamataji pamoja na aina, rangi, ufa wa kioo na namba ya kadi ya laini. Hati inayosema "simu moja nyeusi" ni zawadi kwa wakili wa utetezi. Mwenye mali na shahidi wasaini, wapewe risiti, na kifaa kifungwe kwa lakiri palepale.

Mlalamikaji naye ana kielelezo. Akileta picha ya skrini iliyotumwa na mpwa wake, ipokee kama taarifa, kisha omba simu yenyewe iliyopokea ujumbe. Picha ya skrini inaweza kutengenezwa na mtoto wa shule.

Hatua ya tano: nakala na alama yake

Kielelezo halisi hakichunguzwi. Kinachochunguzwa ni nakala kamili ya kila biti, ikiwemo nafasi inayoonekana tupu, inayochukuliwa kupitia kifaa cha kuzuia uandishi ili kompyuta yako isiandike hata tarehe juu ya diski ya mtuhumiwa. Baada ya kunakili, zana hukokotoa alama ya data, ambayo wachunguzi huiita hashi. Kwa kanuni ya SHA-256 alama hiyo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na ikibadilika biti moja tu katika diski nzima, alama hutoka tofauti kabisa. Alama ya asili na ya nakala zikilingana, umethibitisha kwamba unachokisoma ndicho kilichokamatwa. Usitegemee kanuni za zamani, MD5 peke yake wala SHA-1 peke yake, kwa sababu udhaifu wa ya kwanza ulionyeshwa hadharani mwaka 2004 na wa ya pili mwaka 2017. Andika SHA-256 pamoja nazo. Zizoee alama hizo kwa macho pia. Alama ya SHA-256 inayoanza na e3b0c442 ni ya faili lisilo na kitu ndani, na ukiiona kwenye ripoti yako ujue ulichonakili ni kopo tupu.

Kwa simu mambo si safi hivyo. Kutoa data kwenye simu inayowaka hubadilisha baadhi ya mambo ndani yake, na hakuna haja ya kulificha hilo. Andika ulichokifanya, kwa nini kililazimika, na kilibadilisha nini. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 27037 cha mwaka 2012 kinadai hasa hilo: kila tendo liwe na sababu na liweze kukaguliwa na mwingine.

Hatua ya sita: soma muda kwa usahihi

Makosa ya muda huvunja kesi kimyakimya. Simu nyingi huhifadhi wakati kama idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa. Namba 1700000000, kwa mfano, ni tarehe 14 Novemba 2023, saa 22:13:20 za kimataifa. Ukiongeza saa tatu za Afrika Mashariki unapata 01:13:20 ya tarehe 15. Sasa shahidi wako atasema nini? Atasema pesa zilitoka Jumanne usiku, saa saba. Ripoti itasema Jumatano, saa moja. Wakili akiviweka viwili hivyo mbele ya hakimu vitaonekana kama uongo, ilhali ni wakati uleule mmoja. Kwa hiyo katika maelezo ya shahidi andika "usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 15", na katika ripoti weka wakati wa kimataifa na wa hapa nyumbani sambamba. Kumbuka pia kwamba Windows huanza kuhesabu mwaka 1601, na mafaili mengi ya iPhone huanza mwaka 2001. Zana hutafsiri, lakini hakiki mwenyewe angalau mfano mmoja katika kila kesi.

Hatua ya saba: toka kwenye kifaa, mfikie mtu

Kifaa huonyesha kilichofanywa na kifaa. Nani alikishika ni swali jingine, na ndilo gumu kuliko yote.

Tuchukue utapeli wa pesa za simu. Laini iliyotuma ujumbe imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na mpelelezi mwenye haraka humkamata mwenye jina hilo siku hiyohiyo. Mara nyingine ni mama wa kijijini aliyewekeshwa kidole mara mbili na msajili asiye mwaminifu, na hajui kwamba kuna laini ya pili kwa jina lake. Mfundishe kila raia kupiga *106# ili ahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wewe endelea mbele: kwa amri halali, omba kampuni ya simu ikueleze laini hiyo ilitumika ndani ya simu yenye IMEI ipi, na ni laini gani nyingine zilizowahi kuingia katika simu hiyohiyo. Matapeli hutupa laini kama maganda ya karanga, lakini simu huwa wanabaki nayo. Kati ya laini hizo, moja huwa inampigia mke au fundi wa gari. Fuata pia pesa: zilihamishwa mara ngapi, zikatolewa kwa wakala yupi, dakika gani, na je, duka la jirani lina kamera? Kamera nyingi huandika juu ya kumbukumbu zake za zamani, hivyo nenda leo.

Mfano mzuri wa hatua hii uko Wichita, Kansas. Muuaji aliyejiita BTK aliua watu 10 kati ya mwaka 1974 na 1991 bila kukamatwa. Alipoanza tena kuandikia vyombo vya habari, aliwauliza polisi kama diski ndogo ya kompyuta inaweza kumfichua, nao wakamjibu kupitia tangazo la gazeti kwamba haina tatizo. Februari 2005 alipeleka diski hiyo kwenye kituo cha televisheni, na mpelelezi Randy Stone wa polisi wa Wichita alipoichunguza alikuta humo faili la Word lililokuwa limefutwa. Taarifa zake za ndani zilitaja Christ Lutheran Church na mtu aliyelihifadhi mwisho, Dennis. Utafutaji mfupi wa intaneti ulionyesha kuwa kiongozi wa baraza la kanisa hilo ni Dennis Rader. Polisi hawakuishia hapo, kwa sababu jina ndani ya faili linaweza kuandikwa na yeyote. Walipata sampuli ya kitabibu ya binti yake, wakailinganisha na vinasaba kutoka maeneo ya mauaji, ndipo wakamkamata tarehe 25 Februari. Diski iliwaonyesha mlango, vinasaba vikathibitisha aliyemo ndani.

Kuhusu nafsi yako

Utaona mambo ambayo binadamu hakuumbwa kuyaona, hasa picha za watoto wanaodhalilishwa. Tazama yale tu ambayo kesi inayahitaji, zima sauti unapoainisha, pumzika, na mweleze mkuu wako mapema unapoanza kukosa usingizi. Mkuu anayemhamisha mchunguzi aliyechoka kwa muda anailinda kazi. Picha hizo kamwe zisitoke kwenye kompyuta ya uchunguzi, wala kuonyeshwa askari mwenzako kwa udadisi, kwani kila jicho lisilo la lazima ni kumdhalilisha mtoto yule mara nyingine.

Hatua ya nane: ripoti na kizimba

Andika ripoti ambayo hakimu asiye na kompyuta nyumbani ataielewa. Anza na ulichoombwa kutafuta, ulichopokea na lakiri ilikuwaje, zana na toleo lake, ulichokipata, kisha mipaka ya ulichokipata. Usiandike "mtuhumiwa alituma ujumbe" pale unachojua ni kwamba ujumbe ulitumwa kutoka simu iliyokamatwa kwake. Kaa na mwendesha mashtaka kabla ya siku ya kesi, mpitie ripoti pamoja, na mkumbushane utaratibu: hati hutambuliwa na shahidi, huombewa kupokelewa, hupokelewa, ndipo husomwa. Ukianza kusoma yaliyomo kabla haijapokelewa unaiweka hati hatarini.

Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui. Ukiulizwa kama zana yako inaweza kukosea, sema inaweza, na ueleze ulivyohakiki matokeo kwa zana ya pili. Na kwa kuwa swali la kwanza la wakili huwa ni nani aliyekuita mtaalamu, weka jalada lako mwenyewe tangu wiki ya kwanza ya kazi: kila kozi, kila zoezi ulilolikamilisha, kila aina ya kifaa ulichokichunguza, kila mahakama uliyotoa ushahidi na tarehe yake, liwe limesainiwa na mkuu wako kila mwisho wa mwaka.